Dawa Moja, Vichwa Viwili

Hodan, mwana wa dada yangu,

Isha nimeshaswali, mbuzi wa jirani nimeshawafukuza kwenye mizigo yako, na sasa nimekaa juu ya debe, kandili miguuni, karatasi magotini. Sitakuandikia habari ya kufunga kamba, wala ukae upande gani wa lori jua likipanda, wala umsalimie nani kwanza ukifika kwa wakwe Lafey. Wanawake wamekwambia hayo tangu asubuhi, na wameyarudia mpaka mimi mwenyewe naweza kuolewa kesho nisikosee.

Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kukiandika kabla sijampiga mwalimu na kufukuzwa darasa la tano. Mwalimu yule alikuwa mkubwa kama mlango wa ghala, nami kijana mdogo, na alianguka chali. Hilo halina chumvi. Kisomali changu ni cha mdomo, na mdomo wangu unaijua tabia yake. Mkono ni mzito. Kabla haujamaliza kuandika uongo, umeshachoka.

Na jicho langu hili, uliloniuliza magharibi nikakujibu kwamba dume la ngamia limenipiga teke, nitalifikia. Vumilia.

Kilichonikalisha hapa ni neno lako la juzi. Unakumbuka shangazi wa mumeo Yunis alipokuja kukuona, akakuta pakiti ya vidonge juu ya sanduku lako? Akaigeuza mkononi kama mtu anayekagua meno ya mbuzi.

"Hivi ni vya nani?"

Mimi nikaruka kabla hujafungua mdomo: "Vyangu, mama. Kichwa! Kipandauso kinaniua." Nikatoa kimoja, nikakimeza mbele yake bila maji, nikapiga mdomo kama aliyekula halwa. Maskini akaniombea afya, akaniambia nipunguze chai. Alipotoka ulicheka mpaka ukakaa chini. Nami nilijisikia shujaa, maana kweli kipandauso ninacho, na kweli dawa ile naimeza. Ulikuwa uongo uliovaa nguo za ukweli.

Kisha juzi, unakunja kanga zako, ukasema kwa furaha: "Abti, njia nimeipata. Nikifika kwa wakwe nami nitasema ni vya kichwa. Si wewe unavimeza kwa kichwa? Nani atajua?"

Nilicheka nawe. Hilo ndilo kosa langu.

Hodan, uongo ule niliutengeneza mimi, naujua kama fundi anavyokijua kisu chake, na nakwambia utakuua. Aibu haiui mtu. Uongo huo utaua.

Sasa acha nirudi nyuma.

Watu wa bunduki walipoingia kwenye kambi yenu huko Buna, alfajiri, mimi nilikuwa Griftu sokoni nikiuza madume. Laiti ningekuwepo, wangezikwa wao. Nilipofika, baba yako alikuwa amelala kwenye zizi na fimbo yake bado mkononi, na dada yangu mlangoni pa nyumba ya mikeka, mikono imetanuka kana kwamba anazuia upepo. Wewe nilikuvuta kutoka chini ya ngozi ya ngamia. Mtu alikuwa amekupiga kitako cha bunduki hapa, juu ya sikio la kushoto. Kichwa kilikuwa kimefunguka, nzi wameshafika, na ulikuwa hulii. Ulinitazama tu. Ulisema "Abti," nami nikajibu "Abti," kama desturi yetu, mjomba na mpwa kuitana jina moja, neno liende lirudi. Nikakufunga kilemba changu kichwani nikakubeba hadi Wajir juu ya lori la mbuzi. Dereva alitaka kusimama anywe chai. Nilimshika koo. Hakunywa.

Wakakushona, ukapona, nikakuleta hapa Garissa. Nilidhani mambo yameisha. Pigo lile lilikuwa bado linasafiri ndani.

Mwaka uliofuata, saa sita mchana, ulikuwa unakunywa uji. Kikombe kikaruka. Ukatoa sauti ambayo mimi, niliyewahi kulala porini na fisi wakinitembelea juu ya blanketi, sijaisikia kwa mnyama yeyote. Ukaanguka, ukakakamaa kama gogo, kisha ukaanza kupigwa na kitu nisichokiona. Kichwa chako kinagonga sakafu, ko, ko, ko. Na mimi, mtu wa kuangusha dume la ngamia kwa mkono mmoja, nikafanya ninavyofanya kwa ngamia. Nilikukalia kifuani. Nikakupanua meno kwa kijiko mpaka jino likavunjika, na kijiko kilipoteleza nikaingiza kidole.

Mfupa niliusikia ukivunjika kabla sijaona maumivu.

Jirani mmoja alipiga kelele ni jini. Mwingine akatukimbia, akisema povu likimgusa naye atapata. Si kweli, kifafa hakiambukizi. Ningekuwa nimeshakipata mimi, maana povu lako lote liliingia kwenye jeraha langu. Nilifunga kisiki cha kidole kwa kitambaa, na jioni watu wa sokoni waliponiuliza, nikasema mamba. Nikasema nilikuwa nakunywesha ngamia mtoni Tana, mamba akatoka, nikampiga ngumi puani, akaondoka na kidole tu. Kila mwaka mamba yule aliongezeka urefu. Ndipo wakanipa jina la Yahaas, na leo hata watoto wanajua yahaas ni mamba na Yahaas ni mimi. Wewe ulijua, ukanyamaza. Ulikuwa mtoto mwenye heshima.

Baada ya hapo nikaleta moto. Wazee wetu husema ugonjwa na moto havilali nyumba moja, nami niliamini. Kwenye panja zangu unaziona alama mbili; nilichomwa kijana kwa ajili ya kichwa hiki hiki. Nimechoma ngamia wengi nisiowajua hesabu, wakasimama wakatembea. Basi nikapasha chuma mpaka kikawa na rangi ya jua la jioni, wanawake wakakushika, nikakuweka alama nne. Uliniita jina langu kila mara, tena si kwa kunitukana. Uliniita nije nikuokoe. Nilikuchoma kwa mapenzi, na hapo ndipo ubaya wake ulipo, kwa sababu mtu anayechoma kwa chuki hujua wakati wa kuacha.

Halafu kifafa kikapumzika. Miezi ikapita huanguki. Nikachinja, nikawalisha watu, nikatembea sokoni kifua mbele, Yahaas amefukuza jini! Siku moja ukiwa unapuliza makaa, ukaangukia jikoni. Bega lako unalijua. Mimi nilisikia harufu kutoka mlango wa nje nikadhani jirani anachoma nyama.

Hapo ndipo nilipokubeba hospitali.

Vidonge vya mwanzo, vile vidogo vyeupe, vilikuzuia kuanguka lakini vilikulaza darasani, na ukiamka ulikuwa na hasira kama nyuki. Kisha akaja yule mama daktari mwembamba wa kutoka huko chini Kenya, upande wa Nairobi, akabadilisha pole pole, dawa ya zamani ikipunguzwa, mpya ikiongezwa. Jina la hii mpya ni valproeti. Ulimi wangu ulilikataa, nikawa naliita dawa ya kuzuia. Ukaamka. Ukaanza kushika namba darasani. Ukaanza kunijibu vibaya, nikashukuru Mungu.

Yangu ilianzia palepale kwenye foleni ya dawa yako. Nilikuwa nimekaa benchi, mara zile nyota zangu zikaanza kucheza pembeni mwa jicho, zikafuatwa na kile kitu. Hodan, wewe hukijui. Ni mtu aliyeingia nyuma ya jicho na shoka, anapasua kuni, hana haraka. Mwanga unachoma, harufu ya sabuni inachoma. Kulikuwa na mzee na redio yake ndogo. Nilimwambia akiizima nitampa mbuzi, asipoizima nitamzika nayo. Kisha nikatapika juu ya viatu vyake.

Daktari akaniita ndani, akazima taa, akauliza maswali mengi. Mara ngapi? Tangu lini? Upande mmoja? Tuliporudi mwezi uliofuata akasema, "Mzee, nataka tujaribu dawa. Ni hii hii ya mtoto wako."

Nilisimama. Meza yake ikasimama nami, upande mmoja. Karatasi zote chini.

"Umeniita mtu wa kifafa?"

Hakusogea. "Mzee, ukiivunja hiyo meza utaitengeneza mwenyewe. Keti. Kidonge hakibishi hodi kuuliza hapa anaishi kifafa au kipandauso. Kinaingia, kinatuliza."

"Kinatuliza nini? Mimi sianguki!"

"Huanguki. Lakini ubongo wako nao unashtuka kirahisi, kwa njia yake. Hata sisi hatujui yote jinsi kinavyofanya. Tunajua kwamba kwa wengine kinapunguza."

Nimefikiri maneno hayo miaka sasa, nikayaweka kwa lugha yangu. Umeona kundi kisimani, ngamia wote wametulia, kisha risasi inalia? Mmoja anaruka, wa pili anaruka kwa sababu ya wa kwanza, mara kundi zima linakanyaga ndoo na watoto. Hicho ni kifafa, kundi lililokurupuka kichwani. Dawa ile ni mchungaji anayepita katikati yao tangu asubuhi, anaimba taratibu, anagusa huyu shingo, yule mgongo. Risasi bado inaweza kulia. Kundi halikurupuki. Kwangu mimi kundi halikimbii, linasukumana tu mpaka uzio unapasuka, na mchungaji yule yule akipita linaacha kusukumana. Daktari nilipomwambia hivyo alicheka, akasema si hivyo hasa, lakini nisiibadilishe.

Akaniambia na jambo ambalo watu wa sokoni mpaka leo hawaelewi: dawa hii haitulizi kichwa kinachouma sasa. Unaimeza siku ambayo huumwi, ili usiumwe. Wiki za kwanza niliona ni upuuzi, kama kumfukuza fisi ambaye hajaja. Kisha nikagundua mwezi umepita na yule mwenye shoka amekuja mara moja, tena na shoka butu. Hajaondoka kabisa, simsingizii daktari. Ila nilinenepa. Watu wakadhani biashara imekubali, wakaja kukopa. Mkono ukaanza kutetemeka nikishika kikombe, nikasema ni kwa sababu nimechinja simba wengi. Na wewe nywele zilipoanza kung'oka na kubaki kwenye chanuo ulilia, unakumbuka? Ziliota tena.

Basi tukawa tunakwenda pamoja foleni, mjomba na mpwa, dawa moja, vichwa viwili. Ramadhani ya kwanza uliacha kidonge cha mchana kimyakimya kwa sababu ya saumu, daktari akagundua, akapanga upya, kimoja na futari, kimoja na daku. Mungu hakukasirika, na kichwa chako kilikaa. Nilijiona nimeijua dawa hii kuliko wenye vyeti.

Ndipo mvua kubwa zikaja.

Tana ilitoka kitandani mwake ikaingia kwenye nyumba za watu. Barabara ya Nairobi ikakatika, malori yakazama mpaka vioo, na hospitalini dirisha la dawa likawa linafunguliwa kusema hakuna. Nyumbani tulibaki na vidonge vichache, vyako na vyangu katika kopo moja. Nami nikafanya lile ambalo mchungaji yeyote wa kwetu angefanya. Unajua sheria ya safari ya kiu. Maji ya mwisho kwenye kibuyu hugawiwa sawa. Mkubwa na mdogo, mwenye ngamia na mtumishi wake, hata mwizi uliyemfunga kamba hupata funda lake. Mtu akipendelea mwanawe, jina lake huharibika mpaka kwa wajukuu. Basi nikavimwaga juu ya mkeka, kimoja chako, kimoja changu, mpaka vikaisha. Nilijisikia mtu wa haki. Dada yangu angejivunia, nilifikiri.

Vikaisha siku moja, vyako na vyangu.

Mimi nilirudiwa na mwenye shoka. Nilijifungia, nikapiga ukuta kichwa, nikatapika, nikamtukana kila niliyemjua. Nilikuwa hai. Wewe ulianguka asubuhi. Nikangoja uamke, hukuamka. Ukaanguka tena ndani ya usingizi ule ule. Ukapumua kama msumeno, ukaanguka tena. Midomo ikawa rangi ya wino. Nilikubeba, na jicho langu moja likiwa haliwezi kufunguka kwa mwanga, nikaingia majini. Maji yalikuwa shingoni. Majirani watakwambia yalikuwa magotini. Wao walikuwa juu ya paa, wataonaje? Ulikuwa unapigapiga mgongoni kwangu kama samaki, meno yako yakanipasua sikio, na damu ikawa inashuka, sijui yangu, sijui yako. Mlinzi wa lango aliniuliza nina kadi. Nilimpita. Alikuwa bado anaokota kofia yake tulipofika wodini.

Wakakuchoma sindano, wakakuchoma tena. Daktari yule alikuwa anafanya kazi ameuma meno. Ulipotulia, akanigeukia.

"Vidonge vilikwisha lini?"

Nikamweleza, kwa fahari kidogo, jinsi nilivyogawa. Kisha akalishika shati langu hapa kifuani, mwanamke yule mwembamba, akanisukuma ukutani mbele ya wagonjwa.

"Ulimgawia nani? Wewe ukikosa dawa hii, kichwa kinauma. Yeye akiikosa ghafla, anakufa. Dawa ni moja, mzee, lakini magonjwa ni mawili! Mwenye kiu na mwenye kuzama utawagawia kamba nusu nusu?"

Mimi, Yahaas, nilikaa sakafuni kando ya kitanda chako mpaka ukaomba chai.

Sasa umeona kwa nini nauogopa uongo wangu? Ukifika kule ukasema ni vya kichwa, vitakuwa vya kichwa. Siku moja mama mkwe ataumwa kichwa, atanyoosha mkono, aseme, "Binti yangu, nigawie kimoja." Utamnyima kwa neno gani? Utampa, kwa heshima, na kesho atakuja jirani yake. Barabara ikikatika wataambiana ni kichwa tu, atavumilia. Ukikaa mwaka bila kuonekana unaumwa watakwambia umepona, acha hivyo vitu, na vya kichwa huachwa, vya kifafa haviachwi hivi hivi kama kuvua ndala. Na siku ukianguka mbele yao hawatajua ni nini. Watafanya nilivyofanya mimi, wakukalie kifuani, walete kijiko na chuma. Nao watakupenda wakifanya hivyo.

Kuna jambo jingine, na hili dada yangu ndiye angelisema. Nimegeuza uso ukutani ninapoliandika, nawe geuza wako ukilisoma. Daktari alisema dawa hii inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, hasa uti wa mgongo, tena katika wiki zile za mwanzo kabla mama hajajua kama anaye. Kwa hiyo mtakapotaka mtoto, kabla, si baada, mwende hospitali Mandera mkaseme, wao waangalie kama ni kubadilisha au ni kupunguza. Na Mungu akitangulia mimba ikatokea ghafla, usivitupe vidonge kwa hofu. Hofu hiyo itawaangusha wawili. Nenda siku hiyo hiyo. Na macho yakiwa ya manjano, au kutapika kusikoisha, au mwili ukaanza madoa kama umepigwa na hukupigwa, nenda, ini linalalamika. Utawezaje kusema hayo yote kwa mume anayedhani una kipandauso? Nimemaliza. Geuza uso urudi.

Sasa jicho.

Leo baada ya alasiri nilikwenda kwenye nyumba ya wageni nyuma ya soko la mifugo, walipofikia Yunis na kaka yake Bare. Najua sikukuomba ruhusa. Kasirika, ni haki yako, hata karatasi hii itemee mate. Ni mimi niliyemdanganya shangazi yao, nami ndiye niliyepaswa kuurudisha uongo wangu kwa mguu wangu. Walikuwa wanakula. Nikasema nikiwa nimesimama, ili nisipate nafasi ya kulipamba: "Vile vidonge si vyangu. Mimi vyangu viko mfukoni. Vile ni vya Hodan. Ana kifafa tangu walipompasua kichwa Buna. Akivimeza haanguki."

Bare aliinuka na bakora yake. Unajua mwili wake. "Dalali wa ngamia vilema! Nikahi imeshafungwa ndipo unaleta kasoro?"

"Si ngamia, mwanaharamu wewe! Ni mwanangu!"

Bakora ya sikioni sikuiona. Ya jichoni niliiona ikija. Nilimwangusha mara mbili. Watu watakwambia ni yeye aliyeniangusha. Walikuwa wamesimama upande mbaya. Chai ilimwagika, mtu akapiga kelele polisi, mimi nimeshika ndevu za Bare na yeye ameshika masikio yangu, na katikati ya vumbi lote hilo mumeo alikuwa bado amekaa, mkono kwenye sahani. Akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza njia:

"Akianguka, nifanye nini?"

Bare akaniachia. Hodan, nimeulizwa maswali na mahakimu, na askari wenye bunduki, na wanunuzi wa ngamia kutoka pande zote, na sijawahi kukosa la kusema. Swali lile nililijibu kwa mwili. Basi nikalala chini. Mbele ya wapagazi, wauza miraa na wateja wangu, nikalala kwenye chai iliyomwagika, nikakakamaa, nikatikisa miguu. Nikamwambia, "Ondoa kila kinachoumiza. Moto kwanza. Weka nguo yako chini ya kichwa. Usinishike. Usiniwekee kitu mdomoni, hata Bare akikulilia. Sasa nimetulia, nigeuze ubavu, mate yatoke. Kaa nami. Nikiamka sitakujua, niambie jina langu pole pole. Nikizidisha muda wa birika dogo kuchemka, au nikianguka tena kabla sijaamka, tafuta gari, vunja mlango, usiulize kadi."

Alipiga magoti. Alinigeuza ubavu vizuri, mkono chini ya shavu langu, kama mtu anayegeuza mkate asiuvunje. Kisha akauona mkono wangu karibu.

"Na hiki kidole? Nilisikia ni mamba."

Wote wakasogea wakingoja mamba wao. Nikasema, "Ni Hodan. Nilimwekea kidole mdomoni. Usirudie kosa hilo, mwalimu, utaandika ubaoni kwa mkono gani?"

Wakacheka mpaka Bare akacheka, akiwa na damu puani. Sasa mji mzima unasema mawili: Yahaas hakuumwa na mamba, na Yahaas ana kifafa, ameonekana akianguka sokoni. Waache waseme. Nitakuwa nacho kwa niaba yako mpaka wachoke.

Yunis hakuniahidi kitu, nami sitamtia maneno mdomoni. Amesema tu kwamba kesho, kabla lori halijawashwa, atakuja akuulize mwenyewe, wewe si mimi, kama bado unataka kwenda naye na pakiti yako ikiwa mkononi, watu wakiiona. Ukisema ndiyo, panda. Ukisema hapana, chumba chako hakijapangishwa, na Bare tutamalizana. Lakini usiseme ni ya kichwa.

Pakiti yangu nimeitia kwenye sanduku lako, chini ya kanga ya dada yangu. Nguvu yake ni ile ile, nimemwuliza daktari, naye amesema mimi nikikaa siku chache mpaka lori la dawa lije sitakufa, nitatukana watu tu. Yule mwenye shoka ameshaanza kunoa, namsikia. Aje.

Safari hii sikugawa sawa.

Mjomba wako,
Mahad. Lile jina la mamba nalirudisha kwa mwenye meno.